Rafiki yangu alinipa siri yake, sasa kanisa linataka nimtaje

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, nimeoa, nina watoto watatu. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, na katika chama changu cha siasa ni katibu wa tawi. Chama chetu kinajinadi kwa kulinda familia na maadili, nami nilijiunga kwa sababu hiyo hiyo. Nakueleza haya mapema ili usije ukanidhania mtu asiye na msimamo. Naamini ndoa ni ya mume na mke. Sijabadilika, na sikuandikii ili unibadilishe.

Nina rafiki tuliyeanza naye darasa la kwanza. Ndiye mwalimu wa kwaya yetu na ndiye mpiga kinanda. Watoto wangu wawili wamefundishwa kuimba na yeye. Baba yangu alipougua miezi minne kabla ya kufariki, yeye ndiye aliyepokezana nami zamu za usiku. Ndugu zangu wa damu kila mmoja alikuwa na udhuru. Yeye hakuwa nao. Usiku mmoja, baba akiwa amelala, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba havutiwi na wanawake, hajawahi kuvutiwa nao tangu apate akili, na kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini amemlilia Mungu amwondolee jambo hilo.

Kisha akaniambia kitu ambacho kinanichoma hadi leo. Miaka miwili kabla ya usiku huo nilihutubia mkutano wa hadhara wa chama. Nilisema mashoga ni uchafu, wafagiliwe watoke kati yetu, na watu wakanishangilia mno. Vyombo vya sauti siku hiyo alivileta yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba. Akasema, "Nilikuwa nimesimama nyuma ya spika, nakuongezea sauti ili walio mbali wakusikie."

Sikumjibu kitu. Baba aliamka, nikaenda kumgeuza.

Sasa kuna mtu ameona ujumbe kwenye simu yake na maneno yameenea. Baraza la wazee limeitishwa. Kwa kuwa wanajua urafiki wetu, wanataka niseme ninachokijua, kisha atangazwe mbele ya waumini, avuliwe kwaya, na apelekwe kwenye maombi ya kufunguliwa mpaka abadilike. Baadhi ya wazazi wanasema watoto hawako salama mikononi mwake. Na huku uchaguzi umekaribia, chama kinanitaka nirudie ile hotuba, maana "ilipendwa".

Mke wangu anasema ninyamaze, yatapita. Nikinyamaza, si nitakuwa mshirika wa dhambi? Nikisema, nitakuwa nani mbele ya mtu aliyekesha na baba yangu? Usingizi umenipaa, Shangazi.

Niliyeshika Maikrofoni

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa usiku unaokesha peke yako.

Nianzie pale ulipopita haraka. Hukumjibu. Mtu alikukabidhi jambo alilolibeba zaidi ya miaka ishirini, ukaenda kumgeuza mgonjwa, na tangu usiku ule anaishi bila kujua kama bado ana rafiki. Mambo ya baraza na ya chama ni mazito na nitayafikia, lakini hilo ndilo deni la kwanza, nalo halingoji kikao.

Umesema hutaki kubadilishwa imani. Sawa. Nakuheshimu kwa kusema wazi unachoamini. Ninachotaka ukione ni kwamba imani hiyo hiyo, ukiifuata mpaka mwisho wake, haikuruhusu kufanya wanachokutaka ufanye. Kumvumilia mtu si kutia sahihi chini ya maisha yake yote. Hili unalijua kwa vitendo. Una majirani wa dini nyingine ambao, kwa mafundisho yako, wamekosea jambo kubwa kuliko yote, na bado mnasalimiana, mnakopeshana, mnazikana. Kanisani mwako wamo walioachana na wenzi wao wakaoa tena. Kuhusu talaka Yesu alisema waziwazi, soma Marko sura ya 10. Kuhusu watu kama rafiki yako Injili zote nne hazina neno lake hata moja. Hata hivyo hakuna aliyewahi kukupa maikrofoni useme walioachana wafagiliwe. Mnaishi nao, tena vizuri, kwa sababu mnawajua kwa majina na mnajua watoto wao wanasoma wapi. Rafiki yako naye ana jina.

Najua mistari watakayoisoma kwenye kikao. Watasoma Walawi, watasoma Warumi 1. Wakifika mwisho wa sura hiyo, waombe wasifunge kitabu, waendelee na mstari unaofuata. Sura ya 2 inaanza kwa kumgeukia msomaji aliyekuwa akitikisa kichwa, inamwambia kwamba naye hana udhuru, kwa maana katika kumhukumu mwenzake anajihukumu mwenyewe. Paulo hakuweka zile sura mbili pamoja kwa bahati mbaya. Wakitaja Sodoma, waombe pia Ezekieli 16:49, ambapo nabii mwenyewe anautaja uovu wa mji ule: kiburi, shibe, starehe, na kutomshika mkono maskini na mhitaji. Sikwambii uanzishe mjadala wa tafsiri. Wazee wenzako hawatakubaliana nawe na muda utaisha. Nakwambia tu usikubali Biblia isomwe nusu pale ambapo maisha ya mtu yamewekwa mezani.

Kuna mstari mmoja, lakini, ambao ningekutaka uusimamie kama mwamba: Mathayo 18:15. Ndugu yako akikosa, nenda ukazungumze naye, wewe na yeye peke yenu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Kusanyiko ni hatua ya tatu. Baraza lenu limeruka hatua zote, tena limeanza na simu. Nani aliifungua simu ile? Alikuwa anatafuta nini ndani yake? Ajabu yake ni kwamba swali hilo halikuulizwa na yeyote, kana kwamba kuchungulia mambo ya mtu si kosa ikiwa aliyechunguliwa hapendwi. Wasomaji wangu Waislamu nao wanaijua Sura al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote katika aya moja. Na katika Sura an-Nur, aya ya 4, wanaowasingizia wanawake watwaharifu uzinzi bila kuleta mashahidi wanne, adhabu ya viboko themanini inawarudia wao. Dini zetu zinaogopa ulimi kuliko tunavyouogopa sisi.

Wala usidhani utakuwa mzee wa kwanza wa dini kusimama hapo. Mwaka 1957, Uingereza ilikuwa bado inawafunga wanaume kwa jambo hili. Kamati iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza kwamba yale ambayo watu wazima wawili wanayafanya faraghani kwa hiari yao yaondolewe kwenye sheria ya jinai. Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Anglikana huko, Geoffrey Fisher, aliunga mkono. Hakuacha kuamini kwamba ni dhambi. Alichosema ni kwamba kuna eneo la faragha ya mtu ambalo sheria haina budi kukaa mbali nalo. Sheria ilibadilika 1967, naye Askofu Mkuu aliyemfuata, Michael Ramsey, aliunga mkono pia. Miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu wale ni kwamba sheria ya zamani iliwanenepesha matapeli: mtu alipata siri ya mwenzake, akamtishia, akalipwa mwezi baada ya mwezi ili asiseme. Hebu mfikirie tena aliyeishika simu ya rafiki yako.

Kanisa Katoliki nalo halijabadili fundisho lake juu ya ndoa. Lakini Katekisimu yake, aya ya 2358, inaagiza watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na ubaguzi wowote usio wa haki dhidi yao uepukwe. Papa Francis alisema Januari 2023 kwamba kuwa hivyo si jinai. Mwezi uliofuata, wakirudi pamoja kutoka Sudan Kusini, alilirudia jambo hilo akiwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na kiongozi wa Kanisa la Scotland, Iain Greenshields. Makanisa hayo matatu hayakubaliani juu ya mambo mengi, hata juu ya ndoa yenyewe. Hilo moja walikubaliana.

Sasa watoto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hofu ya wazazi siidharau, na wewe usiidharau. Je, kuna mtoto yeyote aliyelalamika? Kuna mzazi aliyeona jambo? Kama lipo, halipelekwi kwenye baraza la wazee wala kwenye maombi, linapelekwa kwa wenye mamlaka siku hiyo hiyo, hata mtuhumiwa awe nani, awe na mke au asiwe naye. Kama halipo, basi wanachokifanya ni kuchukua kosa la kuwadhuru watoto na kulivalisha mtu kwa sababu tu anavutiwa na watu wazima wa jinsia yake. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Na kuyachanganya kunawaweka watoto hatarini zaidi, kwa maana macho yote yanamwangalia mwalimu wa kwaya, na yule mjomba anayeheshimika, baba wa watoto wanne, hakuna anayemtazama. Nimepokea barua nyingi za watu waliodhuriwa utotoni. Mara nyingi mno aliyewadhuru alikuwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumshuku. Kama baraza linataka watoto walindwe kweli, liweke kanuni inayowabana wote: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, awe mchungaji, mwalimu wa kwaya, au mzee wa kanisa kama wewe.

Kuhusu maombi ya kufunguliwa: mtu huyu ameomba zaidi ya miaka ishirini. Ni nani kwenye baraza lenu aliyewahi kuomba jambo moja kwa muda huo? Kulikuwa na shirika la Kikristo huko Marekani, Exodus International, lililoanzishwa 1976 kwa kazi hiyo hiyo ya kuwabadilisha watu. Lilifanya kazi hiyo miaka 37. Mwaka 2012 kiongozi wake, Alan Chambers, alikiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika katika mvuto wao. Mwaka uliofuata aliwaomba radhi hadharani watu walioumizwa, na shirika likafungwa. Hao hawakuwa maadui wa imani. Walikuwa watu wa maombi hasa. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990, na madaktari wa akili wa Marekani tangu 1973. Mkimlazimisha rafiki yako apige magoti mbele ya watu akemewe kama mwenye pepo, hamtamfungua. Mtamvunja, na wapo waliovunjwa hivyo ambao hawakuuona mwaka uliofuata.

Nije kwenye jukwaa lako. Unafikiri mwanasiasa wa mrengo wako akikataa kuwasema watu hawa amekwisha. Mwaka 1978, California, ulipigwa kura mswada ulioitwa Pendekezo la 6, uliotaka walimu mashoga wafukuzwe shule za umma, hata wale waliowatetea tu. Ronald Reagan alikuwa mhafidhina mkubwa, gavana wa zamani, anajiandaa kugombea urais, na kura za wacha Mungu alizihitaji sana. Aliupinga mswada ule hadharani. Aliandika kwamba hali hii si ugonjwa wa kuambukiza kama surua, na akauliza itakuwaje siku mwanafunzi mwenye kinyongo akimsingizia mwalimu wake. Mswada ulishindwa kwa zaidi ya kura milioni moja. Miaka miwili baadaye Reagan alichaguliwa kuwa rais. Simfanyi malaika: alipokuwa madarakani alilaumiwa sana kwa kukaa kimya wakati UKIMWI ukiwaua maelfu ya watu hao hao, na lawama hiyo aliistahili. Lakini siku ile ya 1978 aliona wazi kitu ambacho kila mhafidhina angepaswa kukiona: serikali au umati ukipewa ruhusa ya kuingia chumbani kwa mtu mmoja, haurudi nyuma ukifika mlangoni kwako. Ninyi ndio mnaosema familia iachwe na mambo yake, nyumba ya mtu iheshimiwe. Basi na nyumba yake ni nyumba.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Uliurusha ule mkuki hadharani, na miaka miwili baadaye, kando ya kitanda cha baba, ukaonyeshwa ulipochoma. Usiurushe tena. Chama kikikuita, sema utazungumzia maji, shule, kazi za vijana, lolote lile ambalo katibu wa tawi anaweza kulitimiza. Wakikusukuma, waambie hotuba ile unaijutia. Unaweza kupoteza nafasi, sitakudanganya.

Hata neno lenyewe ulilolitumia linanisikitisha. Nilipokuwa msichana, shoga alikuwa rafiki wa kike, yule unayemwambia yote. "Shoga yangu," tuliitana hivyo, kwa mapenzi. Leo neno hilo limegeuzwa jiwe la kurushia watu. Lugha yetu ina neno jingine ambalo ningependa ulikumbuke: stara. Mtu mwenye stara hujisitiri, na humsitiri mwenzake pia. Simaanishi kwamba rafiki yako ni aibu inayohitaji kufunikwa. Namaanisha kwamba aliyekufungulia moyo wake amekuvulia nguo, na wewe huendi kumwonyesha mtaani.

Kwa hiyo kwenye kikao, usidanganye na usifichue. Usiseme "aliniambia siri siwezi kuitoa," maana hapo utakuwa umeshaitoa. Sema: "Sitazungumzia maisha ya faragha ya muumini yeyote, awe yeye au awe yeyote kati yetu hapa." Liseme mara moja, na wakiuliza tena, lirudie vile vile. Kisha uliza swali la simu. Kisha soma Mathayo 18. Pinga kutangazwa kwake kwa nguvu zako zote. Siku hizi tangazo la kanisani halibaki kanisani. Kabla ibada haijaisha litakuwa limerekodiwa na kutumwa kila mahali, na baada ya hapo hakuna mzee atakayeweza kuwazuia watakaomngoja njiani usiku. Kama ni lazima apumzike kwaya kwa muda, na liwe jambo la kuzungumza naye kwa adabu. Kama kuna mchungaji unayemwamini, mwone kabla ya kikao, faraghani, umweleze hofu yako juu ya usalama wa mtu, bila kueleza unachokijua.

Uliniuliza kama kunyamaza ni kushiriki dhambi. Inategemea unanyamazia nini. Kuinyamazia siri ya mwenzako ni uaminifu. Kuwanyamazia wanaomwinda ndiko kushiriki, na hapo mke wako, kwa nia njema kabisa, amekosea. Haya hayapiti yenyewe. Zungumza naye, maana utamhitaji. Na watoto wako wawili waliofundishwa kuimba watasikia maneno shuleni na watakuja kukuuliza. Waambie kwamba mwalimu wao alikesha na babu yao.

Lakini kwanza nenda kwake, wiki hii, kabla ya kikao. Usiende na Biblia mkononi. Anayo yake na ameisoma sana. Mwombe radhi kwa hotuba, kwa maneno kamili, bila "lakini". Mwombe radhi kwa usiku ule uliponyamaza. Umweleze kila kitu kinachopangwa dhidi yake, maana ana haki ya kujua, na umuulize yeye mwenyewe anataka ufanye nini na usifanye nini. Huenda akataka kuondoka kabisa pale kanisani. Huenda akataka usimtetee hata kidogo, kwa kuogopa macho yatamgeukia zaidi. Fuata anavyotaka, si unavyoona wewe ni ushujaa. Muulize pia kama analala, kama anakula, na kama mawazo ya kujidhuru yamemjia. Muulize hivyo hivyo, waziwazi. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, na mtafutieni pamoja daktari au mshauri anayetunza siri.

Anaweza akakataa kukusamehe papo hapo. Usimharakishe. Keti naye tu, kama alivyoketi nawe ile miezi minne.

Niandikie kikao kikiisha.

Shangazi